Jagi la Nyanya

Mtaani walimwita Mama Itakuwaje, na jina hilo lilimkaa kama nguo ya kushonewa. Ukimwambia mvua inakuja, anauliza: ikija na upepo, itakuwaje? Ukimwambia haiji, anauliza: na visima vikikauka, itakuwaje? Wateja wake walimchokoza makusudi. Mmoja alimwambia siku moja, "Dada, leo nina furaha tele," naye akasimamisha kitana hewani. "Mh. Na ikiisha?"

Alikuwa msusi. Kazi yake aliifanya sebuleni, mteja amekaa chini kwenye godoro dogo, yeye nyuma yake kwenye kigoda, na mtoto mchanga mgongoni au mapajani, kutegemea kama amelala au analia. Shule aliishia darasa la saba, lakini mstari ukitoka vidoleni mwake umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Hofu haikuwahi kumfikia vidoleni. Ilikaa chini zaidi, tumboni, pale mtu anapohisi amekanyaga ngazi isiyokuwepo. Kabla ya kulala alirudi jikoni kukagua mtungi wa gesi, kisha akarudi tena kukagua kama kweli alikuwa amekagua. Mtoto akilala kimya mno, alimwekea shavu puani mpaka aisikie pumzi.

"Wewe," mumewe alimwambia, "siku ukizikwa utafufuka kuangalia kama kaburi limefunikwa vizuri."

Mumewe alikuwa mchomeleaji wa vyuma, mtu wa mikono yenye makovu madogo ya cheche na kicheko kinachoanza kabla mzaha haujaisha. Mama yake mzazi aliishi nao, katika chumba kidogo kilichopakana na jiko. Tangu kifunguamimba wao ajue kusema, bibi huyo aliitwa nyanya na nyumba nzima. Hata mwanawe wa kumzaa aliuliza, "Nyanya ameamka?" na "Chai ya nyanya iko wapi?" Ana kwa ana msusi alimwita mama, lakini akiwa anamtaja tu, alikuwa nyanya kama kwa wengine wote. Nyanya za sokoni nazo ziliitwa nyanya, na hakuna aliyewahi kuchanganya. Nyanya za sokoni haziulizwi kama zimeamka.

Msusi alimpenda mama mkwe huyo kwa namna ambayo hakujua kuisema. Alipojifungua mara ya kwanza, akitetemeka kwa hofu kuwa atamwangusha mtoto, mama mkwe hakumcheka. Alimwambia tu, "Mshike. Ukimwangusha, nipo chini yenu." Akakaa sakafuni kweli, mikono imeinuliwa, mpaka mtoto aliposhiba.

Sasa miguu ya nyanya ilikuwa imeanza kuwaka moto. Si kuvimba, si jeraha, moto tu wa ndani, kuanzia nyayo kwenda juu. Usiku shuka lake halikutulia. Zahanati wakamwandikia vidonge vya kumeza kila baada ya chakula cha mchana, na kwenye duka la dawa mhudumu akamwinamia msusi dirishani.

"Hivi vinatuliza mishipa, na vinaleta usingizi. Asichanganye na pombe hata kidogo. Hivi na pombe havilali kitanda kimoja. Mgonjwa anaweza kulala moja kwa moja."

Nyanya akacheka mpaka akashika nguzo. "Pombe! Mimi na pombe wapi na wapi, kijana?"

Msusi hakucheka. Aliyabeba maneno yale hadi nyumbani kama mtu aliyebeba yai mdomoni. Kulala moja kwa moja.

Ikapita miezi, na yai halikuvunjika, kwa sababu nyumba ile haikuwa na pombe. Mumewe alikunywa yake kwenye baa iliyotazamana na karakana, akarudi ameshaoga. Mpaka ikafika Jumamosi moja, wakati wa chai ya asubuhi.

"Mama watoto," akasema, "leo kuna mpira. Wenzangu wa karakana wanakuja. Nataka unitengenezee moto-baridi."

"Moto-baridi ndiyo mdudu gani?"

"Ni bia. Lakini si bia hivi hivi." Akasogeza kikombe cha chai, akachukua glasi tupu, akaanza kufundisha kwa mikono. "Glasi unaipaka ndimu mdomoni. Halafu unaigeuza kifudifudi kwenye sahani yenye chumvi na pilipili ya unga, ikitoka imevaa shanga. Ndani unaweka juisi ya nyanya, ndimu, pilipili mbichi iliyopondwa, na ile sosi nyeusi kidogo, kidogo sana. Barafu. Kisha bia. Ukiinywa, ulimi unaungua na koo linapoa. Hujui ulie au ucheke."

"Bia humu ndani?" Msusi alishusha sauti. "Na nyanya, itakuwaje?"

"Nyanya zipo kapuni, nimeziona."

"Nyanya mtu!"

Mumewe akaangua kicheko, chai ikamwagika. "Aa, nyanya mtu! Nyanya mtu mchana amelala. Hata hatajua kulikuwa na mpira."

Akaenda zake kuazima spika, akamwachia chupa za bia mezani. Msusi akazitazama kama mtu anayetazama mbwa wa jirani.

Hakuwa amewahi kuonja bia maishani mwake. Lakini ulimi wa kupima chumvi alikuwa nao, na jambo lolote la jikoni alilifanya kwa haki yake. Alizichemsha nyanya, akazimenya, akazisaga, akazichuja mara mbili mpaka juisi ikawa nyororo. Akakamua ndimu. Akazikata pilipili kwa kisu kidogo na kuziponda kwenye kinu kwa chumvi, uso ameugeuzia dirisha. Akanawa mikono kwa sabuni, akanusa vidole, akanawa tena, akanusa. Pilipili bado ilikuwepo. Na mtoto itakuwaje, akinyonya kidole hiki? Basi akamfunga mgongoni, mdomo wa mtoto ukiwa mbali na vidole vyake.

Sebuleni wifi yake alikuwa akingoja. Alikuwa dada mdogo wa mumewe, muuza nguo wa sokoni, mwenye maneno mengi na mafua ya wiki nzima. Amekuja kusukwa. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umekamilika, mistari inang'aa. Upande wa pili nywele zilikuwa zimesimama kama zimeona polisi.

"Wifi!" akaita kwa sauti ya puani. "Nitaolewa na nusu kichwa?"

"Atakayekuoa nusu, mwache, atakulisha nusu."

"Wewe pika bia yako. Kaka yangu amekugeuza mwenye baa."

Kumbe hapo ndipo kosa lilipoingia, nalo liliingia kwa mlango wa heshima. Mumewe alisema juisi kwanza, kisha bia. Hakusema bia inamiminwa dakika ile ile ya kunywa, glasi iko mkononi. Kwa msusi, kitu kikikaa ndipo kinakolea. Mchuzi ni hivyo, achari ni hivyo, hata rangi ya nywele ni hivyo. Akazifungua chupa moja baada ya nyingine, akishtuka kila kizibo kiliporuka, akazimimina zote kwenye jagi kubwa la kioo, juu ya juisi. Povu likapanda la waridi, likatulia. Akaonja kwa ncha ya kijiko, akafumba jicho moja. Ndimu na pilipili vilikuwa vimeifunika bia kabisa. Jagi lilionekana kama juisi ya mtoto wa shule. Akalifunika kwa sahani, akaliweka kwenye friji.

Barafu ndiyo haikuwepo. Friji yao ilipoza, lakini kugandisha ilikwishasahau. Akaeleza kuwa anakwenda duka la vinywaji la mtaa wa pili, na akiwa mlangoni, mtoto mgongoni, akamkumbuka wifi na kiu yake ya mafua.

"Wifi! Lile jagi jekundu la kwenye friji ni la nyanya! Mtu asiliguse mpaka nirudi!"

"Nimesikia!"

Na kweli alikuwa amesikia.

Duka la mtaa wa pili lilikuwa na foleni. Aliporudi na mfuko wa barafu unaodondosha maji miguuni mwake, nyumba ilikuwa kimya. Wifi alikuwa amejilaza kwenye kochi na simu yake. Msusi akaenda moja kwa moja jikoni, akafungua friji atafute nafasi ya barafu.

Jagi lilikuwa limepungua. Si kwa kuonjwa. Lilikuwa limeshuka karibu robo.

"Wifi," akasema. Sauti yake ilitoka ndogo. "Umekunywa hiki?"

"Mimi? Si umesema mtu asiguse?"

"Sasa nani amekunywa?"

"Mwenyewe!" Wifi akapenga kamasi. "Nyanya. Amekula, akaomba kitu cha kumezea kidonge, maji matupu yanamtia kichefuchefu. Nikamimina lake. Si umesema jagi ni la nyanya?"

Mfuko wa barafu ukaanguka.

"La nyanya," msusi akasema. "Nyanya! Za kwenye kapu! Ya nyanya za kusaga!"

Wifi akakaa wima. Nywele za upande mmoja zikatikisika. "Wifi, ndani mna nini?"

"Mna bia."

Msusi alishakimbia.

Chumba cha nyanya kilikuwa na mwanga wa mchana uliochujwa na pazia la kijani. Glasi ilikuwa juu ya kabati dogo, tupu, chini yake tone jekundu. Kando yake pakiti ya vidonge, tundu moja jipya limepasuliwa. Nyanya alikuwa amelala chali, mdomo wazi kidogo, mkono mmoja ukining'inia nje ya kitanda. Kawaida alikoroma, tena kwa kelele mpaka watoto wakawa wanamwigiza. Sasa hakukuwa na sauti.

"Mama," msusi akaita. "Mama!"

Machozi yalimjaa kabla hajajua, akayafuta kwa kiganja, na hapo dunia ikawaka. Pilipili. Macho yote mawili yakafungwa yenyewe kama milango iliyopigwa na upepo. Akayafumbua kwa nguvu, yakafungwa tena. Alikuwa amesimama juu ya mtu ambaye huenda alikuwa anakufa, na hakuweza kuona kama kifua kinapanda au hakipandi. Aliona kijani, aliona weupe wa shuka, aliona moto.

"Wifi! Anapumua? Niambie kama anapumua!"

"Sijui! Wifi, sijui!" Wifi alikuwa mlangoni akilia. "Mimi sioni kitu, naogopa kusogea!"

"Basi kimbia kwa sista! Yule wa nyumba ya nyuma, muuguzi! Leo yupo, nimeona sare yake kwenye kamba. Kimbia!"

Wifi akakimbia mtaani na nusu kichwa chake, hata ndala hakuvaa.

Msusi alipapasa kama kipofu. Alipata bega, akapata shingo, akainama na kuweka shavu lake mbele ya pua ya mama mkwe, namna ile anayomfanyia mtoto. Akangoja. Mtoto mgongoni alikuwa ameamka na kuanza kumvuta nywele. Akangoja. Ikaja. Pumzi moja, nyepesi, yenye ndimu na bia. Kisha pakawa na ukimya mrefu, mrefu mno, kiasi kwamba akaanza kuomba kwa midomo bila sauti. Ikaja nyingine.

Katika ukimya wa kati ya pumzi na pumzi, alimwona shangazi yake. Shangazi ndiye aliyemfundisha kusuka, alipokuwa msichana aliyetoka tu shule. Alasiri moja shangazi alikula, akasema macho yamekuwa mazito, akajilaza. Wateja walipokuja, msusi aliwaambia wangoje, wamwache apumzike. Walingoja kwa adabu. Chai ilipoiva akaenda kumwamsha, akakuta mkono umepoa. Hakuna aliyemlaumu, na hakukuwa na la kulaumu. Lakini tangu siku hiyo hakuweza kumtazama mtu mzima aliyelala mchana bila moyo wake kusimama na kunyoosha shingo.

"Mama, usilale," akamwambia sikioni. "Lala usiku. Sasa hivi usilale. Mama, nakuomba." Akamsugua mikono, akamsugua mgongo wa miguu ile iliyokuwa ikiwaka. "Nani atakuwa chini yetu, kama wewe hupo? Mama!"

Nyanya akatoa sauti kooni, kama mlango wa kabati kuukuu, akanyamaza.

Simu ikaita mfukoni. Mumewe. Nyuma yake sauti za wanaume zikicheka.

"Mama watoto! Tuko njiani. Moto-baridi imepoa?"

"Njoo," akasema. "Njoo peke yako. Nyanya ameinywa."

"Nani? Nyanya ime... imenywewa?"

"Mama yako! Mama yako amekunywa bia na kidonge!"

Kwenye simu kicheko kikakatika katikati. Hakusikia kwaheri, alisikia tu miguu ikianza kukimbia.

Sista aliingia na mashine yake ya kupimia presha kwapani. Mwanamke mfupi, mpole wa sura, lakini sauti yake ilizoea kutiiwa. "Toka pembeni, wewe, ukaoshe macho kwa maziwa, utakuwa kipofu bure," akamwambia msusi. Msusi hakutoka. "Amekunywa kiasi gani?"

"Glasi moja," wifi akasema.

Sista akamtazama.

"Mbili," wifi akasema. "Aliomba tena."

"Na kidonge amemeza?"

"Nilimpa mwenyewe mkononi. Nilimwona akikitia mdomoni."

Sista akashika kifundo cha mkono wa nyanya, akainua ukope kwa kidole gumba. "Bibi! Bibi, unanisikia? Haya, tumgeuze alale ubavu, tumwinue kichwa. Wewe binti, shika huku. Wewe mama, vuta huo mto."

Wakashika. Msusi akavuta mto, nao ukaja na foronya yake imegeuka, mdomo chini. Vitu vikadondoka sakafuni. Tiki, tiki, tiki tiki tiki. Kama mtama uliomwagika.

Wifi akainama, akaokota. "Ni nini hivi? Shanga?"

Vilikuwa vidonge. Vingine vizima, vingi vimeliwa kando na mate, vimepoteza maandishi yake, vimekauka tena vikawa kama vijiwe vya chaki. Kimoja kilikuwa bado kimelowa.

Na wakati huo huo, kwa kukunjwa na kuvutwa, nyanya akafumbua macho. Akawatazama wote mmoja mmoja, kwa uzito, kama mtu anayetoka kisimani.

"Mbona mnanikunja kama godoro?" akasema. "Kwani nimeuzwa?"

Msusi akaketi sakafuni.

"Bibi," sista akasema, amekishika kile kidonge kibichi mbele ya macho yake. "Hiki cha leo?"

Nyanya akakitazama. Akalitazama pazia. "Cha leo," akakiri.

"Hukumeza."

"Nimekiweka chini ya ulimi. Mtoto akitoka, nakitoa." Akamwelekea wifi. "Wewe unafikiri ulimi kazi yake kusema tu."

Sista akavuta pumzi ndefu, akaanza kumfunga kile kitambaa cha presha mkononi. Kikajaa upepo, kikatoa. Alisikiliza. Wote walimtazama sista usoni, wala hakuna aliyeangalia mashine. "Iko juu kidogo, haitishi," akasema mwisho. "Huyu hapa amelewa. Amelewa tu, usingizi wake ni wa bia. Angekuwa na hivi tumboni miezi yote hii, na cha leo juu yake, mimi nisingekaa hapa kumfunga kitambaa, tungekuwa barabarani na gari."

"Nimelewa?" Nyanya akafikiri. "Ndiyo maana pazia linatembea."

"Mama, hukujua ni bia?" wifi akalia. "Hata kunusa?"

"Mwenye mafua ni wewe. Nilijua pale ulipoifungua friji." Akajilamba mdomo taratibu. "Unadhani nilizaliwa nyanya? Nikasema moyoni, lo, leo mkwe wangu amenikumbuka. Amenitengenezea kitu kikali, kitamu, akasema kabisa kwa sauti kuwa jagi ni langu. Ningekataaje? Ningemvunja moyo."

Wifi akacheka, kicheko kikageuka kilio, akatoka nje kupenga kamasi. Mlangoni alipishana na kaka yake, aliyeingia akihema, bado amevaa viatu vya karakana. Aliposikia sauti ya mama yake akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili, akaegemeza paji la uso hapo. Baadaye alikwenda jikoni, na msusi akasikia jagi likimwagwa kwenye sinki lote, maji yakifunguliwa juu yake kwa muda mrefu.

Sista akaagiza: alale kwa ubavu, mtu asimwache peke yake mpaka bia imtoke, kidonge kisiguswe mpaka zahanati waseme. Kisha akaenda, na wengine wakaenda kumsindikiza. Wakabaki wawili, na mtoto, ambaye sasa alikuwa ameshushwa kitandani na kukamata kidole cha bibi yake.

Msusi alikuwa ameosha macho kwa maziwa. Yalikuwa mekundu na madogo. Alivikusanya vidonge kutoka sakafuni kimoja kimoja. Vilijaa kiganja.

"Muda wote huu, mama," akasema. "Kila siku nakuuliza, miguu inaendeleaje. Unaniambia inaendelea vizuri, dawa ni nzuri."

"Inaendelea."

"Inawaka?"

Nyanya akaitazama miguu yake. "Inawaka," akasema. "Usiku nikiiweka ukutani ukuta unanisaidia. Ukuta ni baridi."

Msusi akakumbuka shuka lile lisilotulia. Alikuwa akilisikia kutoka chumbani kwake, sh, sh, na kujiambia kuwa dawa bado inatafuta njia.

"Kwa nini hukumeza?"

"Yule kijana wa dirishani." Sauti ya nyanya ilikuwa imeshuka, na haikuwa tena na mzaha. "Nilicheka, lakini nilimsikia. Kulala moja kwa moja. Siku ya kwanza nilikimeza, mwanangu. Nikaona usingizi unakuja kama mtu anayenivuta miguu, nami sina pa kushika. Chumba kimefungwa, mko kazini, watoto wanacheza. Nikasema, nikienda, hakuna atakayejua mpaka chai. Nikajitingisha mpaka ukapita. Tangu hapo..." Akainua ulimi, akaonyesha pale chini.

Msusi alimtazama mwanamke yule aliyeketi sakafuni mikono imeinuliwa, siku ile, nipo chini yenu. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba mtu wa namna hiyo naye huogopa. Ilimtisha zaidi ya bia. Nani basi atakuwa chini yao wote?

"Ungeniambia," akasema.

"Nikwambie wewe?" Nyanya akatabasamu kidogo. "Wewe una zako nyingi. Nikuongezee na zangu, utazibeba wapi?"

Zahanati, Jumatatu, walipunguza dozi na kusema aanze upya. Msusi aliwaambia wateja wake wa mchana kuwa kuanzia sasa watasukiwa chumba cha ndani. Alihamisha kigoda, akahamisha godoro dogo, akalisukuma kabati dogo ukutani ipatikane nafasi ya miguu. Mteja wa kwanza alikaa kati ya kitanda na dirisha, akasema chumba ni kidogo lakini kina hewa nzuri.

Baada ya chakula nyanya alikishika kidonge kiganjani muda mrefu. Safari hii hakutaka juisi. Alikimeza kwa maji matupu, uso umekunjamana, kisha akafungua mdomo, akauinua ulimi, akaugeuza kulia na kushoto mbele ya mkwewe kama mtoto anayekaguliwa meno. Hapakuwa na kitu.

"Hutoki?" akauliza.

"Kichwa hiki kina mistari mingi, mama. Sitoki."

Mteja akacheka, akidhani ni yeye anayesemwa. Nyanya akajilaza, akageukia upande wao. Macho yake yakafumba, yakafumbua, yakamtafuta msusi, yakampata, yakafumba. Kidogo kidogo miguu ikaacha kusugua shuka. Ule mguu wa kulia ulijikunja mara moja, ukanyooka. Kisha ikatulia yote miwili, na chumba kikawa kimya namna ambayo msusi alikuwa ameiogopa maisha yake yote.

Mkono wa kulia uliendelea kugawa nywele. Wa kushoto aliutoa kwenye kichwa cha mteja, akaunyoosha nyuma, akauweka juu ya kifundo cha mguu wa mama mkwe. Kilikuwa na joto. Akauacha hapo.

"Dada," mteja akasema, "mbona unasuka kwa mkono mmoja?"

"Tulia," msusi akamjibu kwa kunong'ona. "Mtu amelala."